Ushahidi wa Lebo

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: ndivyo walivyotuusia wazee, na ni wasia mwema kwa mtu anayenunua nyumba, nazi au jahazi. Vitu hivyo hufunguka. Mnunuzi aweza kuvigonga, kuvitikisa na kuvitazama ndani kabla ya kutoa fedha yake. Walakini viko vitu ambavyo havina mlango wa kuingilia. Fulana ya kuzuia risasi ni kimoja katika hivyo. Anayeijaribu kwa risasi ameiharibu, na asiyeijaribu hajui anachokivaa. Siku itakapojaribiwa, jaribio litafanywa na mtu asiyemtakia mema mvaaji, na majibu yake hayatamfaa kitu mwenye kutaka kurudisha bidhaa dukani. Kwa hiyo mvaaji huongozwa na kitu kimoja tu: kipande cha kitambaa kilichoshonwa ndani ya fulana, chenye jina la kiwanda, namba, tarehe na daraja la kinga.

Kipande hicho twakiita lebo. Nataka kuuliza hapa kwamba lebo ni kitu gani hasa, na mtu anayeighushi hutenda kosa la namna gani. Jibu la kawaida ni kwamba huiba jina la mwenye kiwanda. Jibu hilo si la uongo, lakini nadhani limegusa ganda likaacha kiini.

Soko la mavazi na zana za kijeshi zenye bei kubwa limekua mno tangu vita vya Afghanistan vilivyoanza mwaka 2001, na vya Iraki vilivyofuata mwaka 2003. Vitu ambavyo zamani askari alipewa na serikali yake na kuvirudisha alipostaafu, sasa hutengenezwa na makampuni ya watu binafsi na kuuzwa kwa yeyote mwenye uwezo: jaketi za Arc'teryx ya Kanada, kofia za kinga za Ops-Core, vioo vya kulengea shabaha vya EOTech, magwanda ya Crye Precision ya Brooklyn, New York, yenye mabaka yaitwayo MultiCam, ambayo Jeshi la Marekani liliyachagua mwaka 2010 kwa askari wake wa Afghanistan. Wanunuzi si askari peke yao. Wako polisi na walinzi, wako wawindaji, wako wakusanyaji ambao hawatarajii kupigana na mtu maishani mwao, na wako wachezaji wa mchezo uitwao airsoft, ulioanzia Japani, ambao hupigana kwa bunduki za kuchezea zirushazo vipira vidogo vya plastiki. Bei ikipanda na jina likivuma, bandia haikawii kuja. Husemwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika soko hili kibaya hakijitembezi hata hatua moja. Huvaa jina la kizuri, kikakaa kando yake rafuni, kikajiuza pamoja nacho.

Mwezi wa Juni 2019, katika mahakama ya shirikisho ya jimbo la Rhode Island, mfanyabiashara mmoja wa New York alikiri kosa la kuliuzia jeshi la nchi yake bidhaa za kughushi. Thamani ya bidhaa zote zilizotajwa katika kesi hiyo ilizidi dola milioni 20. Njia yake haikuwa ya ajabu. Yeye na wenzake walipeleka China sampuli za nguo halisi, pamoja na lebo na vibandiko vyake, ili nguo na maneno viigwe kwa pamoja. Sheria iitwayo ya Berry, iliyoanza mwaka 1941, huitaka Wizara ya Ulinzi ya Marekani inunue nguo za askari zilizotengenezwa nchini humo. Kwa hiyo hapakutosha kusema uongo juu ya kiwanda, ilipasa pia kusema uongo juu ya nchi. Miongoni mwa bidhaa hizo yalikuwamo makoti 200 ya mabaka, yaliyosemwa kuwa ni MultiCam ya kweli, kwa ajili ya askari wa Jeshi la Anga waliokuwa Afghanistan.

Makoti hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, maana sijapata kuona mfano unaofundisha zaidi. Kitambaa cha kweli cha namna hiyo hakifichi mvaaji kwa macho ya mchana tu. Rangi zake zimetayarishwa ili zirudishe miali ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho tupu, kwa kiasi kinachokaribiana na majani na udongo vinavyomzunguka mtu. Na miali hiyo ndiyo inayotumiwa na darubini za usiku. Nguo ya kuiga yaweza kulingana na ile ya kweli katika kila baka na kila mshono. Askari ataivaa, atajitazama katika kioo, naye ataridhika. Wenzake watamwona, nao wataridhika. Mkaguzi wa ghala atasoma lebo na kuweka alama ya kukubali. Usiku ukiingia, mtu mmoja tu ndiye atakayeweza kuona kwamba nguo ile ni ya uongo, naye ni adui aliyeko ng'ambo ya bonde na darubini mkononi. Bandia nyingine humdanganya jirani na kumwacha mwenyewe akijua. Hii humdanganya mvaaji na kila rafiki yake, ikamwambia kweli adui peke yake.

Sasa na tusikilize utetezi wa mwenye kughushi, kwa sababu anao, na si vema kumhukumu mtu kabla hajanena. Husema hivi: makampuni haya huuza suruali kwa mamia ya dola. Sehemu kubwa ya bei hiyo si kitambaa wala ushonaji, ni jina. Mimi namwondolea maskini mzigo wa jina, nampa umbo kwa bei anayoiweza. Kijana anayecheza airsoft siku ya Jumapili hahitaji kofia ya kuzuia vipande vya bomu. Ahitaji kofia inayofanana nayo. Anajua kwamba ni ya plastiki. Mimi najua. Nani amedanganywa?

Nakiri kwamba utetezi huu una nguvu, na sina machozi mengi ya kuyalilia makampuni kwa ajili ya faida waliyoikosa kwa kijana yule, ambaye kofia ya kweli asingeinunua abadani. Kama jambo lingekoma pale, kosa lingekuwa dogo, la kuhesabiana baina ya wafanyabiashara na mawakili wao. Walakini vitu huishi kuliko nia za watu walionunua. Kijana huoa, au huchoka na mchezo, au huhitaji fedha ya kodi, kofia ikauzwa. Aliyenunua huiuza tena. Sisi wa Afrika Mashariki twajua vizuri njia ya nguo za mitumba, jinsi vazi linavyopita mikono mitano au sita mpaka hapana anayeweza kusimulia lilikotoka, na katika safari hiyo ndefu msimuliaji wa pekee anayebaki ni lebo. Ile habari kwamba kofia ni ya kuchezea ilikuwa kichwani mwa kijana, nayo ilibaki huko. Lebo imeshonwa. Mnunuzi wa tatu aweza kuwa mlinzi wa benki katika nchi yenye ghasia, mwenye mshahara mdogo, ambaye kwa furaha ameona kofia ya jina kubwa kwa bei nafuu. Hapana mtu hata mmoja katika mnyororo ule aliyetamka neno la uongo, na hata hivyo uongo umefika.

Hapa naomba kupenyeza neno moja juu ya ujuzi uliozuka katika soko hili, ambao wanichekesha na kunihuzunisha pamoja. Wako wanunuzi hodari wanaoweza kusoma lebo kama wanazuoni wanavyosoma hati kongwe. Huhesabu mishono ya pembeni, hupima nafasi baina ya herufi, hulinganisha rangi ya uzi, hukumbuka mwaka ambao kiwanda kilibadili umbo la nembo yake. Ni elimu ya kweli, na wengi wameokoka kwayo. Lakini mwenye kughushi husoma somo lilelile, tena kwa bidii zaidi, kwa kuwa riziki yake iko humo. Matokeo yake ni kwamba mara nyingine lebo hupata uangalifu kuliko nguo iliyoibeba. Wataalamu wa pande zote mbili wameinamia kipande kile cha vidole vitatu, na hapana anayeuliza habari za kitambaa.

Turudi kwenye swali, na tulitie ugumu wote unaostahili. Tufikiri kiwanda ambacho mchana hushona fulana za kuzuia risasi kwa amri ya kampuni mashuhuri. Usiku, kampuni isipojua, mafundi walewale hushona fulana nyingine kwa kitambaa kilekile, mashine zilezile na uzi uleule, kisha wakazitia lebo ileile. Fulana ya usiku huzuia risasi sawasawa na ya mchana. Mvaaji analindwa kama alivyoahidiwa. Je, lebo yake ni ya uongo? Ikiwa ni ya uongo, imemdhuru nani, mbali na mwenye jina? Wengi watajibu kwamba haikumdhuru mtu. Mimi siwezi kujibu hivyo, na kueleza sababu yapasa kwanza nisimulie habari ya lebo za kweli.

Mwaka 1969, katika mji wa Detroit, kijana aliyeitwa Richard Davis aliyekuwa akiuza na kupeleka piza nyumbani kwa watu alivamiwa na wanyang'anyi, akapigana nao kwa bastola na kujeruhiwa. Alipopona alianza kutengeneza fulana nyepesi ya safu za nailoni ambayo polisi angeweza kuivaa chini ya shati. Polisi hawakumwamini, na hawakuwa na sababu ya kumwamini. Basi Davis akaivaa mwenyewe, akajielekezea bastola, akajipiga risasi mbele yao. Alirudia jambo hilo mbele ya watu na mbele ya kamera karibu mara 200 katika maisha yake. Hapo lebo haikuhitajiwa, maana mtengenezaji aliuweka mwili wake kuwa ushahidi. Kampuni yake, Second Chance, ilikua huko Central Lake katika jimbo la Michigan, na fulana zake ziliokoa maisha ya polisi wengi. Hilo si la kubishaniwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyo ilianza kutumia uzi mpya ulioitwa Zylon, uliotengenezwa na Toyobo ya Japani. Ulikuwa mwepesi na wenye nguvu ya ajabu siku ulipotoka kiwandani. Taabu ni kwamba joto na unyevu viliudhoofisha, na fulana ya polisi hukaa siku nzima katika joto na jasho la mwenye kuivaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, twasema. Lakini hapa mgema hakutia maji, waliyatia wanywaji wenyewe kwa miili yao bila kujua, naye mgema akanyamaza. Toyobo iliitaarifu kampuni mwaka 2001 kwamba nguvu ya uzi hupungua. Mwaka 2002 Davis aliwaandikia wakuu wenzake waraka, uliokuja kujulikana baadaye, akiwawekea njia za kuchagua. Moja katika njia hizo ilikuwa kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea mpaka mteja mmoja auawe au ajeruhiwe. Kampuni iliendelea kuuza. Juni 2003 risasi ilipenya fulana ya polisi mmoja huko Forest Hills, Pennsylvania, akajeruhiwa vibaya. Mwezi huohuo polisi mwingine aliyevaa fulana ya namna hiyo aliuawa huko Oceanside, California.

Hapana hata lebo moja katika hizo iliyoghushiwa. Kila mshono ulikuwa wa kiwanda chenyewe. Mtaalamu wa kusoma lebo angezipitisha zote. Jina lilikuwa kweli, namba ilikuwa kweli, tarehe ilikuwa kweli, na yale maneno ya daraja la kinga yalikuwa kweli siku yalipochapwa. Yalianza kuwa uongo taratibu, kwapani mwa mvaaji, bila herufi moja kubadilika.

Basi tumepata vitu viwili vinavyotazamana. Fulana ya usiku ni ya uongo kwa asili yake na ya kweli kwa kazi yake. Fulana ya Zylon ni ya kweli kwa asili na ya uongo kwa kazi. Mtu mwenye haraka atasema kwamba hapa tumekwisha pata jibu: lenye thamani ni kazi, asili si kitu, na kelele zote juu ya bandia ni kelele za wenye mali. Ningelikubali jibu hilo kama fulana zingekoma kuwa na habari siku zinapouzwa. Lakini na tuangalie yaliyotokea baada ya risasi ya Forest Hills.

Palikuwa na jina. Jina lile lilikuwa na anwani, na penye anwani palikuwa na vitabu, barua na nyaraka. Septemba 2003 kampuni ilitangaza kwamba yaacha kuuza fulana zile. Taasisi ya Taifa ya Haki, idara ya serikali ya Marekani ambayo tangu miaka ya 1970 imeweka viwango vya fulana hizi, ilikusanya zilizokwisha kuvaliwa na kuzipiga risasi: katika 103 zilizojaribiwa, 60 zilipenywa na angalau risasi moja. Agosti 2005 ikatangaza kwamba fulana zenye Zylon hazihesabiwi tena kuwa zimetimiza kiwango. Polisi aliyekuwa maelfu ya maili kutoka Pennsylvania aliweza kuvua fulana yake, akasoma lebo, akajua kwamba ni miongoni mwa zile. Second Chance ilifilisika mwaka 2004. Toyobo ilikubali mwaka 2018 kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 66. Miaka kumi na mitano ni mingi, na mtu aweza kusema kwamba haki iliyokuja kwa mwendo huo ilikuja kwa magongo. Lakini ilijua pa kwenda.

Sasa tufikiri kwamba fulana ya usiku, siku moja, katika robota moja la kitambaa, imekuwa na kasoro ileile. Risasi imepenya. Tutamwita nani? Kampuni itasema kweli ikisema si yetu. Kiwanda kitakana. Mfanyabiashara amekwisha badili jina na mtaa. Wale wengine mia tatu waliovaa nguo ya robota lile hawawezi kuambiwa wavue, kwa sababu namba zilizo katika lebo zao ni namba za fulana nyingine, zilizo nzima, mahali pengine. Wema wa fulana ya usiku ulikuwa wema wa bahati. Ulikuwapo, lakini hapakuwa na mtu aliyeudhamini.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliliona jambo hili zamani sana. Hawakuridhika kuuliza kama maneno yaliyosimuliwa ni mema. Waliuliza nani aliyapokea kwa nani, wakafuata sanadi mtu kwa mtu. Wako watu waliotunga hadithi kwa nia ya kuwavuta wenzao katika ibada, wakazifungia sanadi za kughushi. Maneno yao mengine yalikuwa mazuri. Wanazuoni waliyakataa, wakayaita maudhui. Hawakusema kwamba wema uliomo ni ubaya. Walisema kwamba haya hayana mtu wa kuulizwa, na anayempachika Mtume maneno asiyoyanena amemsingizia hata kama ni maneno matamu. Nadhani lebo ni sanadi fupi kabisa. Haituambii tu kwamba kitambaa ni imara. Yatuambia kwamba yuko mtu anayesema ni imara, na huyu hapa ndipo apatikanapo. Mwenye kuighushi huweka ahadi kinywani mwa mtu ambaye hakuahidi, akamwacha mvaaji akitegemea ahadi isiyo na mwenyewe.

Nisieleweke kwamba nayatetea makampuni. Jina kubwa si uaminifu. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, iliyokuwa mwenye EOTech, ilikubali kulipa dola milioni 25.6 kwa madai kwamba iliwauzia askari na polisi vioo vya kulengea huku ikijua kwamba baridi kali na joto kali huvipotosha. Lebo zote zilikuwa halali. Wala sidai kwamba kuwapo kwa mtu wa kuulizwa kunamfufua aliyekufa. Mjane wa Oceanside hakupata faida katika ukweli kwamba lebo ilikuwa na mwenyewe. Faida ilimfikia mtu mwingine, asiyemjua, aliyevua fulana yake kwa wakati. Ni faida chungu, na mtu asiye na huruma peke yake ndiye angeitaja mbele ya mjane yule.

Abaki kijana wa airsoft, ambaye niliacha kumhukumu. Ananunua kofia bandia kwa kujua, hamdanganyi mtu, na siku yaja atakapoiuza. Ndani ya kofia imo lebo yenye jina ambalo halikuahidi chochote, na mezani pake uko mkasi. Akiikata lebo, kofia ni ya kuchezea na itauzwa kwa bei ya kuchezea. Akiiacha, yaweza kuuzwa mara tatu ya bei hiyo, wala hatalazimika kusema neno. Mnunuzi akiuliza, aweza kumjibu kwa unyofu kamili kwamba soma mwenyewe imeandikwa nini.